Shanga za Akiru Kwenye Mlango wa Mtihani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika sekondari ya wasichana ya bweni pale Lodwar, mwalimu mkuu aliniuliza kama najua kusoma. Nikamwambia kidogo. Akasema, "Matroni, walimu ninao. Nataka mtu wa kuwaamsha hawa." Nikawaamsha miaka mingi, na hakuna aliyenipenda asubuhi.

Baadaye nikahamia shule ya Kakuma. Huko nilipewa kazi ya kukagua watahiniwa wa kidato cha nne, yaani kupapasa kola, soksi na nywele kabla hawajaingia chumbani, wasije na majibu yaliyofichwa. Ninyi wajukuu msidharau. Mtihani ule ni mmoja kwa nchi nzima, na gredi yake ndiyo inasema utaenda chuo kikuu, chuo cha ufundi, au utarudi nyumbani. Msichana aliyekimbia vita Sudan Kusini na wa hapa kwetu wanapewa karatasi ile ile. Hilo nililipenda sana.

Mmoja wao, Akiru wa kijiji cha Lokiriama, alitaka kuwa muuguzi. Bila Bayolojia, uuguzi hakuna. Asubuhi ya Bayolojia nikamkuta na shanga shingoni. Mama yake alikuwa amekuja Jumapili kumtembelea, akamvisha. Msimamizi wa mtihani, mwalimu aliyetoka mbali, akasema hakuna kuvaa kitu shingoni. Akiru akakataa kuvua. Kwetu Waturkana mwanamke huvua shanga akifiwa tu.

"Mama yangu yuko hai," akasema. "Nikiziweka chini, nimemzika."

"Basi utabaki nje," msimamizi akajibu. Wasichana wenzake Akiru walikuwa wameshaketi. Askari wa mlangoni akajifanya anaangalia buti zake.

Nilimgombeza Akiru kwanza, nikamuuliza wagonjwa atawatibu akiwa amekaa hapo nje? Kisha nikainamisha kichwa.

"Nivishe mimi. Zisiguse meza, zisiguse chini. Zitoke shingoni mwako, ziingie shingoni mwangu."

Akazivua, akanivisha. Nikamwambia msimamizi nitasimama pale uwanjani, mbali na madirisha, mahali mtoto anaweza kuniona.

"Matroni, jua litakuchoma."

"Mwalimu, mimi nimezaliwa Turkana. Wewe gawa karatasi."

Nilisimama mpaka mwisho. Akiru alitoka anacheka, akaja moja kwa moja kuinamisha kichwa, nikamrudishia shanga zake. Matokeo yalipotoka, gredi ilitosha, akaitwa chuo cha uuguzi. Wasichana waliimba bweni zima. Niliwaacha waimbe, halafu nikawakumbusha sufuria hazijaoshwa.

Sasa nimestaafu, niko Lodwar. Juzi kifua kilinisumbua, nikaenda hospitali, wakaamua nipigwe picha ya eksirei. Muuguzi aliyenipeleka chumbani alikuwa Akiru, amenenepa vizuri, anatoa amri kama mimi.

"Ejok, Matroni," akanisalimu kwa Kiturkana. "Picha haitaki shanga."

Nikashika zangu shingoni, nikamkunjia uso. Watu wangu wote wazima.

Hakubishana nami. Aliinamisha tu kichwa.