Hasira za Marcelina

Mtu mwingine akikasirika pale mwaloni Ujiji, mitumbwi inaposhusha dagaa, watu huuliza kaudhiwa na nani. Marcelina akikasirika, wanauliza kama amekunywa dawa. Miaka tisa sasa. Aliugua, akalazwa miezi miwili, akarudi na vidonge vyake vya kila usiku, na tangu hapo hasira zake zote zikahesabiwa ugonjwa. Hata padri aliwahi kumuuliza, tena kwa upole, na upole ule ndio uliomchefua zaidi.

Safari hii ni bata. Bata saba wa Asnath, jirani yake wa kuanika, kila asubuhi waliingia kwenye dagaa wa Marcelina, wakala na kunya humo humo. Mara ya kwanza alisema kwa adabu. Ya pili vilevile. Mara ya nne alifoka, akamkamata bata mmoja akamrusha ziwani. Bata jamani, kiumbe cha kuogelea. Asnath akakimbilia kwa Mzee Hamdani, mwenyekiti wa mwalo: yule mama kichwa kimemruka tena, aondolewe kabla hajarusha mtoto wa mtu. Marcelina akaambiwa afike kwa mwenyekiti Ijumaa. Akiondolewa hana pengine pa kuanika, na dagaa hao ndio wanaomlisha yeye na mama yake mzazi.

Alhamisi alilipeleka jambo hilo kwenye kikundi chake. Wako sita, naye akiwemo, wote wamepitia ugonjwa wa namna hiyo, na hukutana barazani kwa Selestini, fundi baiskeli. Kabla ya maongezi mmoja huuliza, "Umekunywa dawa?" na kila mtu hujibu kwa zamu. Hapo tu ndipo swali lile halimuumi, maana anayeuliza naye ataulizwa.

"Kesho tutakusindikiza," Selestini akasema.

"Njooni, lakini mkae kimya. Mkifungua mdomo nimekwisha."

Walifika wote watano wamepiga pasi utadhani wanakwenda harusini. Wakajaa kwenye benchi, Asnath akabanwa mwishoni karibu na meza ya mwenyekiti. Marcelina akasimama, akaeleza kwa kutulia kabisa, mpaka alipofika kwenye mavi ya bata. Hapo sauti ikampanda.

Mzee Hamdani akavua miwani. "Marcelina, kwanza tuelewane. Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa," akajibu, meno yameumana.

"Nimekunywa," akasema Selestini.

Marcelina akafumba macho. Aliwaambia, si aliwaambia? Wa pili akasema amekunywa. Wa tatu, kwamba alitapika, akameza tena. Wa nne, wa tano, kama vile wako barazani kwao. Alitamani kuwatosa wote ziwani pamoja na bata. Zamu ikafika mwisho wa benchi, na wote watano wakamgeukia Asnath, wakamsubiri kama wanavyosubiriana kila Alhamisi.

Asnath akatazama mikono yake. "Mimi ya sukari imeisha tangu Jumatatu," akasema taratibu. "Sijaenda kuchukua."

"Usifanye hivyo, dada," Selestini akamwambia, na alikuwa anamaanisha. Kisha benchi zima likamgeukia mwenyekiti.

Mzee Hamdani akapapasa mfuko wa shati. Kidonge cha presha cha asubuhi kilikuwa bado kimo, kwenye karatasi yake. Akaomba maji. Hakuna aliyecheka. Akameza, akafuta mdomo, akasema bata wafungiwe mpaka dagaa wakauke, na Marcelina abaki mahali pake.

Wiki iliyofuata bata mmoja alitoroka, akaenda moja kwa moja kwenye dagaa. Marcelina alifoka mpaka wavuvi wakaacha kukunja nyavu. Asnath akatoka mbio, akafungua mdomo kuuliza, akaufunga, akainama kumshika bata wake. Marcelina akaendelea kugomba. Aligomba yote ya miaka tisa, na watu wakaendelea na kazi zao.