Siku Niliyowaonyesha Kibumba "Direct"

Haaa. Hivyo tu. Watu huniuliza kama bado ninasikia mngurumo wa volkano masikioni, nami huwaambia hapana, kinachonirudia ni ile haaa ya darasa zima la watoto kuvuta pumzi kwa pamoja, na kila nikiikumbuka uso unaniwaka kwa haya, ingawa (niseme ukweli) sijasikia sauti nzuri kuliko hiyo katika ualimu wangu wote.

Tulikuwa Mugunga, kambini, darasa la maturubai. Watoto wengi walikuwa wamekimbia vita Kibumba, nami nilitoka Buhene, ambako mwaka uliotangulia moto wa volkano ulishuka ukala nyumba yetu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa kwao. Basi watu wa shirika moja wakatuletea projekta na intaneti, wakatupa formation, yaani mafunzo, ya asubuhi moja, na kijana aliyetufundisha akatufungulia ramani ya dunia, akasema inatoka direct kwenye satelaiti. Sasa mimi neno direct nalijua kwa mpira: mechi direct ni ile inayochezwa sasa hivi. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nimeduwaa, naigeuza Afrika nzima kwa kidole kama chapati.

Kesho yake tukaziba mlango kwa blanketi, picha ikaangukia ukuta wa turubai, nikashuka na watoto kutoka juu kabisa: bara, ziwa, barabara ya Rutshuru, mashamba ya viazi, halafu mabati ya Kibumba, moja moja. Haaa. Neema, mtoto mpole ambaye sikuwahi kumsikia akijitolea kusema, akasimama akaligusa turubai, akionyesha kwao.

"Mwalimu, njo kwetu ile. Na mikaratusi yetu iko."

Mwenzake akauliza, "Picha hii ni ya lini?"

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Nikajibu kwa sauti ya mtu aliyefanya formation, "Ni direct. Ni sasa hivi."

Kufika saa ya mapumziko kambi nzima ilijua kwamba mwalimu Furaha ana mashine inayoona Kibumba. Wazazi wakajaa, wengine wakachungulia kwenye matundu ya turubai, na Papa Neema akaingia na godoro lake limekwisha kufungwa kamba.

"Unionyeshe, mwalimu." Nikamwonyesha. Akaangalia, akaangalia. "Bati yote iko. Na haiko askari ata moja. Mama Neema, funga masufuria, tunarudia kwetu leo."

Na barabara ya kurudi Kibumba ilipita katikati ya bunduki. Nililijua hilo, lakini (ona ujinga wangu) bado nilikuwa najivuna.

Mama mmoja nyuma akasema, "Na kwako, mwalimu? Usijifiche, tuonyeshe na kwako."

Watu wakacheka, nami nikasogeza ramani mpaka Buhene kwa furaha, nikitaka waone yale mawe meusi ya volkano niliyowasimulia kila siku. Mawe hayakuwepo. Nyumba yetu ilikuwepo. Bati la kijani, jiko la mama pembeni, kitu cheupe uani, labda shuka limeanikwa.

"Mwalimu," akasema Papa Neema polepole, "si ulisema moto ilikula nyumba yenu?"

"Ilikula, papa."

"Sasa ile ni nini?"

Nikaliangalia tena lile bati la kijani. Nikasema mbele ya wote, "Haiko direct. Ni picha ya zamani, ilipigwa mbele ya volkano, mbele ya vita. Sikujua."

Yule mama akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe mwalimu anatuwekea mechi ya zamani na sisi tunapiga makofi."

Papa Neema hakucheka. Alitua godoro mlangoni, akalikalia.

"Na bati yangu?"

"Sijui, papa. Lakini usiende, nakuomba. Ni mimi nilikosea."

Akageuka, akaiangalia ile nyumba yetu kwenye turubai. Kisha akasema, "Basi urudishe Kibumba. Niangalie tu, nikijua ni ya zamani."

Nikairudisha. Hakuna aliyeondoka, hata waliokuwa wakicheka; wakaonyeshana visima, kanisa, njia za ng'ombe, kwa sauti ya chini kama watu walio kwenye misa, na Neema akaifungua kamba ya godoro, akaiviringisha vizuri.

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea chombo kipya na kuniambia direct, nauliza kwanza: direct ya lini?

Walipotoka wote nikarudi Buhene peke yangu. Nikaligonga turubai kwa kidole, hapo kwenye bati la kijani, nikasema hodi, nikasubiri kidogo, ndipo nikazima.