Bendera ya Tangini

Nilisikia kelele kabla askari hajanifungulia geti: Wazungu watatu wakigombana kwa Kiingereza, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao. Ndiyo siku niliyoanza kazi ya ufundi wa pampu katika mradi wa maji, mtaani Wabera, hapa Isiolo.

Mhandisi Mkuu alikuwa Mjerumani, Mpimaji Mwitaliano, Mratibu Mfaransa. Kule mbele ya Ngaremara kisima kilikuwa tayari, na pampu ya kuzama, ile inayokaa ndani ya maji, imeshashushwa. Ilibaki kuchora bendera kwenye tangi. Bila bendera hakuna uzinduzi, na bila uzinduzi maji hayafunguliwi.

"Tuchore ya Ulaya, ile yenye nyota," akasema Mhandisi. "Sote ni wa huko."

"Nyanya yangu hakuzaliwa kwenye nyota!" Mpimaji akafoka. "Chora ya Italia."

Mratibu alitaka ya Ufaransa ikae juu, "kidogo tu."

Wiki zikapita, ng'ombe wakikonda. Nikawaomba wakubwa twende wakaone.

Waborana walikuwa bado wakiteka kwa mikono katika kisima chao cha zamani. Wanaume walisimama kwenye ngazi, mmoja juu ya mwingine hadi chini, wakipokezana ndoo kwa mwendo wa wimbo. Guyo, msimamizi wa zamu, hakuwaonea haya wageni.

"Salaam aleikum. Hapa hatusimami bure. Ingieni."

"Mzee, hatujui wimbo wenu," akasema Mratibu.

"Imbeni wenu. Hata huyu fundi wenu Mmeru huimba vibaya akija kutusaidia, na ndoo inafika."

Wakaimba, kila mtu wa kwao, kwa kasi ya kwao. Ndoo ya kwanza ikamlowesha Mpimaji, ya pili ikamwagikia Mhandisi.

"Wazungu, mtaua ng'ombe!" Guyo akaita.

Mwitaliano akapunguza mwendo, Mjerumani akaongeza, Mfaransa akawapigia mdundo kwa mguu. Nyimbo zikabaki tatu, mwendo ukawa mmoja. Ndoo zikapaa! Hori likajaa, ng'ombe wakainamisha vichwa, na kisima kizima kikapiga vigelegele.

Kesho yake nyota zilichorwa, na chini yake bendera tatu, zote sawa. Nikafungua vali. Maji yakaruka!

Vijana huniuliza kama mimi ni Mmeru au ni mtu wa Isiolo. Ni vyote viwili, na sijawahi kupungukiwa.

Siku niliyostaafu, miaka mingi baadaye, Mhandisi naye alikuwa akirudi kwao.

"Nitawaambia mimi ni Mjerumani, na ni wa Ulaya. Watabisha."

"Wacha wabishe, Mhandisi."

Akacheka kwa sauti, akabeba begi lake, na mlango ukafungwa nyuma yake.