Dakika za Mzee Pandu

Mzee Pandu Jaku alikuwa mpiga kengele wa skuli huko Makunduchi. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha chuma kilichotundikwa barazani, na saa yake ya mfukoni aliifunga kwa kamba ili isianguke anapoinama. Wanawake wa jirani waliteleka wali wa mchana kwa kuifuata kengele ile. Jioni alichezesha mpira. Alianza mwaka 1964, na tangu siku hiyo kila mchezo aliuandika katika daftari la skuli: timu gani, magoli mangapi, umeanza saa ngapi, umekwisha saa ngapi. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa mtu wa saa, basi.

Mtu huyo nilimharibia jina mimi, msichana ambaye sijapata hata kuupiga mpira teke.

Mwaka 1971 nilikuwa nasoma uchumi bara. Mwalimu wangu, Profesa Rwezahura, alipenda mpira kuliko chakula, na alitaka kujua kama mwamuzi huipendelea timu ya nyumbani hata bila ya kukusudia. Alitafuta mwanafunzi kutoka Unguja wa kushirikiana naye katika utafiti huo, akanichagua mimi kwa sababu nilikuwa mpole na hati yangu inasomeka. Darasani sikuwa nikifungua mdomo. Kuitwa ofisini na profesa kulinitia kichwa kikubwa, nami sikujijua.

Wakati wa likizo tulikwenda Makunduchi, kwa kuwa Profesa alikuwa amesikia habari za daftari lile. Profesa alikaa barazani na Mzee Pandu wakizungumza habari za timu, na mimi nikakaa uani na mkewe, Bi Mwanamkasi, nikilinakili daftari. Karatasi ya Profesa ilitaka mambo matatu tu: wenyeji wana magoli mangapi, wageni mangapi, na kipindi cha pili kilichezwa dakika ngapi. Pembeni mwa daftari Mzee Pandu alikuwa ameandika maneno madogo kwa penseli. Niliyaona. Karatasi haikuwa na nafasi ya maneno, nikayaacha. Mwenyewe alikuwa umbali wa hatua kumi, na swali moja lingetosha. Niliona haya kumuuliza mtu mzima mambo ya mpira.

Tuliporudi chuoni hesabu zilitoka nzuri mno. Michezo ambayo Makunduchi walikuwa wanaongoza, kipindi cha pili kilikatwa, mara dakika kumi, mara ishirini. Michezo waliyokuwa wamefungwa ilichezwa mpaka dakika ya mwisho. Profesa alizitazama zile karatasi kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kazija, wewe ni mtu wa huko. Hakuna sababu nyingine?"

Nikamjibu, "Sidhani, Profesa."

Jina la Mzee Pandu hatukuliandika katika makala yetu. Lakini katika ukurasa wa pili niliweka sentensi yangu mwenyewe, kwamba mwamuzi huyu ni mpiga kengele wa skuli, kusini mwa Unguja. Niliiona sentensi tamu. Kwani wapiga kengele wanaochezesha mpira kusini mwa Unguja ni wangapi?

Likizo iliyofuata nilirudi nyumbani Mji Mkongwe. Ami yangu Bakar, shabiki wa timu moja ya mjini, alinipokea kama niliyefunga goli. Alisema nakala ya makala yetu ilivuka bahari, ikasomwa katika kamati ya mpira, na Mzee Pandu akanyang'anywa filimbi. Timu zote zilizowahi kufungwa Makunduchi zilishangilia.

"Tukijua siku zote kuwa tunaibiwa," aliniambia huku anacheka. "Sasa hata akigonga kengele ya skuli, watu wanamuuliza: Mzee Pandu, hiyo imetimia au umeikata?"

Nilikumbuka yale maneno ya penseli.

Jumapili nilipanda basi kwenda Makunduchi peke yangu. Nilimkuta Mzee Pandu barazani kwake, anashona viatu vya mpira vya mtu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama kawaida, na hiyo kawaida ndiyo iliyoniumiza. Bi Mwanamkasi hakunikaribisha. Nilimwomba mumewe lile daftari, akanipa. Pembeni mwa kila mchezo uliokatwa paliandikwa: gari la wageni limechelewa, adhana.

Yeye mwenyewe alinieleza bila ya kupandisha sauti. Wageni hutoka mjini kwa lori, wamesimama njia nzima. Lori likiharibika hufika saa kumi na moja, wanaruka moja kwa moja kiwanjani, miguu imekufa ganzi, wanafungwa. Na mchezo ulioanza saa kumi na moja haumaliziki, kwa sababu Magharibi inaingia.

"Ningefanyaje, mwanangu?" alisema. "Niwachezeshe watu juu ya adhana?"

Nimezaliwa hatua chache na msikiti. Adhana ya Magharibi nimeisikia kila siku ya maisha yangu. Profesa ni Mkristo wa bara, yeye ana udhuru. Mimi sina.

Nilimwambia nitaiandikia kamati barua. Bi Mwanamkasi ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni: "Kuandika ushaandika. Leo kuna mchezo. Kasome."

Lori la mjini lilifika limechelewa, na Ami Bakar alikuwa ndani yake. Aliyechezesha ni mwamuzi mpya, kijana aliyeletwa na kamati. Wakati wa mapumziko, wachezaji wanakula machungwa, Mzee Pandu alinipeleka katikati yao na daftari. Wanaume watupu. Nikasoma tarehe moja moja: gari limechelewa, adhana, gari limechelewa, adhana. Mtu mmoja akasema, "Sauti, dada, hatusikii. Kwenye makala ulisikika." Wakacheka. Nikaanza tena kutoka juu, kwa sauti, huku nalia, nikasema kuwa haya niliyaona na niliyaacha.

Kipindi cha pili kilianza. Makunduchi walikuwa wanaongoza mbili kwa moja. Hazikupita dakika ishirini na tano, adhana ikatoka msikitini, na yule kijana akapiga filimbi ya mwisho bila ya kutazama saa.

Wa mjini waliokota vitu vyao wakatoka kiwanjani. Ami Bakar alinitazama, kisha akatazama pembeni. Mzee Pandu aliilamba ncha ya penseli, akaandika pembeni mwa daftari lake, akalitia kwapani na kwenda kutia udhu.

Barua yangu na ya Profesa kamati iliipokea. Filimbi hawakumrudishia mwaka ule, wala uliofuata.