Kiwanja kwa Jina

Mara ya kwanza kufanya biashara na Fundi nilishindwa, na mimi si mtu wa kushindwa bei. Nauza milango na madirisha yaliyotolewa kwenye nyumba zinazobomolewa. Nilianza na mlango mmoja nilioegemeza kwenye nguzo ya umeme, nikakaa pembeni yake kutwa nzima, kwa hiyo mnunuzi akikohoa tu najua anachotaka kusema. Mwaka huo nilikuwa nimepata eneo, nikataka banda la mali na vyumba viwili vya kupangisha. Watu watatu wakanielekeza kwa fundi mwashi mmoja. Hakuna aliyeniambia kuwa ni mwanamke. Alipofika na ndoo yake ya vifaa, mimba ya miezi sita mbele, nikajua hapo ndipo bei itakapoteremkia.

Nikamwambia sisi ni wanawake kwa wanawake, anipunguzie. Akaniuliza kama mwanamke akija kununua mlango kwangu namuuzia kwa bei ya dada. Jibu alikuwa nalo.

Tukaja kwenye ukuta wa zamani uliokuwa umesimama pale. Nilitaka autumie uleule aongezee juu, nipone gharama ya upande mmoja. Akatoa timazi, kile kichuma chenye ncha ambacho waashi hukining'iniza kwa uzi kuona kama ukuta umesimama wima. Akakiacha kitulie. Chini, ukuta ulikuwa umeachana na uzi kwa upana wa vidole viwili.

"Vidole viwili tu, Fundi," nikasema.

"Leo viwili, Mama Milango."

Ukuta ukabomolewa, kwa gharama yangu.

Alifanya kazi mpaka mwezi wa nane wa mimba. Mwishoni alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akielekeza kwa fimbo. Ndipo nilipomjua. Alianza kwa kubeba maji kwenye ujenzi wa watu, na mafundi wakienda kula yeye hushika mwiko wao na kujaribu mstari mmoja, halafu anaubomoa kabla hawajarudi. Alipoanza kupata kazi zake, wateja walikuwa wanamlipa kisha wanamwita fundi mwanamume aje kuhakikisha. Alisema hakuwahi kubishana nao. Alikuwa ananing'iniza timazi mbele yao wote na kungoja. Uzi ukitulia, midomo inatulia pia.

Akajifungua mtoto wa kike, akarudi kazini baada ya wiki saba. Mtoto alikuwa anabaki kwa mama mkwe, na kila saa sita mchana baba yake alimleta anyonye. Huyo baba alikuwa anatengeneza simu kwenye kibanda, mtu mpole, kila unachomwambia anajibu "sawasawa", hadi jina lake la kuzaliwa likasahaulika, tukawa tunamwita Sawasawa.

Mtoto hakuwa na jina. Fundi alitaka aitwe Timazi. Mama mkwe alitaka aitwe jina lake yeye, na huyo mama hakuwa wa kupuuzwa. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, nusu ya mtaa imepita chini ya fimbo yake, na mpaka leo anaitwa Mwalimu na watu wenye mvi. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kiwanja ambacho mwanawe alikuwa ameahidiwa. Fundi alikwisha kuchimba msingi pale jioni baada ya kazi, akapanga mawe aliyoyanunua kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Sasa Mwalimu alikuwa ametuma neno kwa mdomo wa mwanawe: jina kwanza, karatasi za kiwanja baadaye. Na ofisi ya vizazi ilikuwa imetoa siku zake za kuandikisha mtoto. Zikipita, jambo la dirisha moja linageuka safari ya madirisha saba.

Sasa, Fundi ni mtu wa kupima. Hajengi kwa kukisia, na jina akaliendea hivyohivyo. Akaokota kipande cha mkaa kwenye jiko la mama wa chai, akachora kwenye ukuta wangu ambao haujapigwa lipu: huku timazi, huku nyumba. Kila aliyepita akaulizwa, na jibu lake likawa mstari mmoja chini ya picha.

Basi kila mtu akawa mtaalamu wa majina. Mchanganya zege akauliza kama wa pili ataitwa Mwiko na wa tatu Karai. Fundi bomba akasema mtoto wa kike huitwa jina la ua. Mama wa chai akamjibu kuwa maua hunyauka na chuma hakinyauki, kisha akaweka mstari wake upande wa nyumba, kwa kuwa alipanga chumba kwa miaka ishirini na anajua mwenye nyumba akibisha hodi mlangoni moyo unakwenda wapi. Fundi umeme akasema bora Timazi: darasani kwao walikuwa wanne wenye jina moja, mwalimu akachoka akawapa namba, na yeye mpaka leo wenzake wanamwita Tatu.

Mimi akaniuliza mwisho. Nikamwambia jina halina mlango wala dirisha, mtu halali ndani yake. Chukua kiwanja. Akaandika mstari wangu chini ya nyumba bila kunitazama.

Siku ya nane ya mchezo huo, Sawasawa alizidiwa na wateja, na saa sita mchana tukaona mwavuli unakuja. Mwalimu alimleta mtoto mwenyewe. Mchanganya zege, aliyekuwa mwanafunzi wake, akaacha koleo na kusimama wima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Shati."

Akachomekea shati. Fundi alikuwa juu ya jukwaa la mbao, na kabla hajateremka Mwalimu alikwisha kuuona ukuta. Akauliza hesabu ile ni ya nini. Mchanganya zege, masikini, akadhani anamletea habari njema.

"Ya jina la mtoto, Mwalimu. Hawa wanasema Timazi, hawa wanasema nyumba. Upande wako unaongoza."

Mwalimu akahesabu kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayesahihisha daftari. 

"Kumi na wanane," akasema. "Umewauliza watu kumi na wanane."

"Nilikuwa napima, mama," Fundi akasema.

"Mchanganya zege ameulizwa. Mpika chai ameulizwa. Mimi sikuulizwa."

"Wewe ulikwisha kusema unachotaka, mama."

"Nilisema ninachotaka. Kuulizwa ni kitu kingine."

 Mwalimu akamkabidhi mtoto, akaupa ukuta mgongo, akangoja mtoto ashibe, akamchukua na kuondoka. Jioni Sawasawa akaja na ujumbe: msingi usiguswe tena. Fundi akafuta ile mistari kwa gunia bichi, lakini mkaa kwenye tofali hautoki, unapauka tu.

Kosa ni lake, nami sikulificha. Alipima kila upande akasahau upande uliobeba mzigo. Lakini kazi yangu ilikuwa haijaisha, na fundi mwenye mawazo hujenga polepole, kwa hiyo kesho yake nikavaa vizuri nikaenda kwa Mwalimu kufanya ninachokijua.

Alinikaribisha sebuleni, chini ya picha za madarasa yaliyomaliza, safu kwa safu. Nikampa bei ya kati: majina mawili, lake litangulie, analotaka mama lifuate. Nikamweleza faida yake, nikamweleza hasara ya kugombana na mkwe anayejua kujenga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sinunui mlango," akasema. Kisha akaniuliza, "Wewe mstari wako uliuweka wapi?"

"Upande wako, Mwalimu."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya kiwanja."

"Basi hukuwa upande wangu."

Nikamaliza chai aliyonipa. Wakati wa kunitoa akasema kama mkwe wake ana swali, mlango anaujua, na aje peke yake.

Fundi akaenda. Ninalolijua ni lile aliloniambia baadaye, tena kwa vipande. Aliuliza, na Mwalimu akamjibu. Alimwambia juu ya msichana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake, ambaye baba yake alimpa jina la mashine aliyokuwa anaendesha. Kila asubuhi jina likiitwa darasa zima lilicheka. Mtoto akawa anaitika kwa sauti ndogo, ikapungua, ikapungua, hadi siku moja hakuwepo wa kuitika. Mwalimu ndiye aliyekuwa anaita majina. Alisema hajasahau kuwa na yeye, siku ya kwanza, alitabasamu.

Fundi akamwambia yeye alipewa jina la kawaida kabisa, la heshima, na halikumkinga na lolote. Walimcheka hata hivyo, kwa sababu nyingine.

Hapo Mwalimu akateremka, na mimi nikisikia mtu ameteremka najua ni bei ya mwisho. Jina lake liandikwe mbele kwenye cheti. Timazi liwe la nyumbani. Karatasi za kiwanja atasaini siku hiyohiyo. Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya ofisi, basi Ijumaa.

Ilikuwa ileile bei yangu ya kati, na kiwanja juu yake. Nilimwambia Fundi asiyechukua hiyo hana akili. Akasema anaogopa kitu kimoja: jina la nyumbani hubaki nyumbani, na mtoto akitoka mlangoni ataambiwa alifiche lile analoitwa na mama yake. Nikamwambia duniani kila kitu kinanunuliwa kwa kitu. Akasema ndiyo, ndiyo maana anahesabu.

Ijumaa nikawapeleka kwa gari langu la milango, Fundi na mtoto mbele, Sawasawa nyuma ameshika fremu ya dirisha isianguke. Tukamkuta Mwalimu amefika kabla yetu. Alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi, bahasha ya kaki mapajani. Wote tulijua ndani kuna nini. Akatusalimia, akasogea kutupa nafasi. Foleni ilikuwa ya watu tisa. Nimekaa kwenye minada nikingoja nyundo ishuke, lakini watu tisa wale walikuwa warefu kuliko mnada wowote.

Zamu ikafika. Karani akasukuma fomu na kalamu. Fundi alihitaji mikono miwili, akageuka, na aliyekuwa karibu alikuwa Mwalimu. Akampa mtoto. Mwalimu akampokea, mtoto akawa amelala juu ya bahasha. Fundi akamtazama mumewe. Kwa mazoea yetu sote tulijua mumewe angejibu nini.

"Kiwanja ni cha mama," Sawasawa akasema. "Mtoto ni wetu. Andika."

Fundi akaandika. Polepole, herufi moja moja, mkono wake umezoea mwiko kuliko kalamu. Karani akaisoma fomu, akainua kichwa, akauliza kama hilo ni jina la mtu.

"Kuanzia leo," Fundi akasema.

Karani akagonga mhuri. Mwalimu akamrudisha mtoto kwa mama yake, akaikunja bahasha mara moja, akaitia mkobani. Hakumlaani mtu. Alisema tu kwamba mawe ni ya aliyeyanunua, wakayachukue kabla ya mvua.

Wakayang'oa kwa siku mbili. Wao wakahamia vyumba vyangu viwili; mimi nikapata wapangaji, na fundi anayekaa palepale. Nilipoteza sehemu ya kodi niliyokuwa nimeipanga, maana Fundi aliishusha mpaka nikaona aibu, na mawe akaniuzia mwenyewe kwa ajili ya kibaraza changu. Fundi alipata jina alilolitaka na akapoteza nyumba. Kwa miaka mitatu sasa analipa kodi kila mwisho wa mwezi, na sijamsikia akisema alikosea, wala akisema hakukosea. Angeniuliza leo mstari wangu niuweke wapi, ningeuweka palepale.

Mwalimu anacho kiwanja chake chote, kimejaa nyasi na shimo la msingi katikati, na hakuna mtoto anayeitwa jina lake. Anakuja na mwavuli kila siku saa sita mchana. Sijamsikia akilitamka Timazi hata mara moja; humwita "mjukuu", na mtoto hukimbia. Mwezi uliopita alianza kumfundisha kuandika, kwa chaki, kwenye sakafu ya kibaraza. Ameanza na herufi ya kwanza ya jina lake yeye Mwalimu. Asubuhi Fundi ameiona, akairuka na ndoo yake bila kuifuta, akaenda kazini.