Marsela na Ng'ombe wa Udongo

Kabla Gervas hajaoa, hakuna mtu pale Kasokola aliyeuliza nani atapamba nyumba ya Bibi Skolastika Krismasi ikifika. Kazi hiyo ilikuwa ya Marsela, mke wa Telesfori, mtoto mkubwa wa bibi. Aliifanya miaka kumi na mmoja mfululizo, na hata mwaka aliojifungua Maiko siku nne kabla ya sikukuu, alielekeza akiwa amelala kitandani, nani afunge wapi na nani asiguse nini.

Ufundi wake ulikuwa malaika wa maganda ya mahindi. Alijifunza kwa mama yake huko Kakese. Kila wakati wa kupukuchua alichagua maganda ya ndani, yale laini yasiyo na madoa, akayafunga mafungu na kuyaweka darini juu ya jiko ili moshi ufukuze wadudu. Jumapili ya kwanza ya Majilio aliyashusha, akayaloweka kwenye beseni, mengine akayachemsha na maua ya choya mpaka yakawa mekundu. Halafu aliwaita wanawe, Agape, Dina na Maiko, pamoja na watoto wa majirani, wakajipanga barazani. Ganda moja lilikunjwa likawa kichwa, jingine lilifungwa kiunoni kwa uzi wa katani likawa gauni, mawili yalipasuliwa yakawa mabawa. Nywele zilikuwa ndevu za mahindi.

Malaika hao walining'inizwa sebuleni kwa bibi, ambako ukoo wote ulikula sikukuu. Mgeni akiingia alisema, "Hii ni mikono ya Mama Agape," na Marsela, yupo jikoni anapalia wali, alijifanya hajasikia.

Kisha Gervas, mdogo wake Telesfori, akamleta Ng'washi.

Ng'washi alikuwa binti wa Kisukuma, wazazi wake walihamia Katavi na ng'ombe wao yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Alikuwa mrefu, si mwongeaji, na akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Walijenga chumba na sebule palepale uani kwa bibi, upande wa pili wa nyumba ya Marsela. Krismasi yake ya kwanza alikuwa mgeni, akaosha vyombo na kunyamaza. Marsela alimpenda sana mwaka huo.

Mwaka wa pili, mwishoni mwa Novemba, bibi alilalamika kwamba ukuta wa sebule yake umechakaa.

"Mama, naweza kuupaka," alisema Ng'washi. "Kama utaniruhusu."

Alikwenda bondeni akarudi na ndoo mbili, moja ya udongo mweupe, nyingine mwekundu. Weusi aliupata kwa kukwangua masizi ya sufuria. Akachanganya na samadi mbichi na uji wa muhogo ili rangi ishike, akapaka kwa vidole na kijiti alichokitafuna ncha. Siku ya tatu ukuta mzima ulikuwa na pembetatu nyekundu na nyeupe, na chini yake msururu wa ng'ombe weusi wanakwenda kunywa maji, kila mmoja na pembe zake.

Bibi Skolastika alisimama katikati ya sebule, mkono shavuni.

"Haki ya Mungu," alisema. "Nimeishi humu miaka arobaini, leo ndiyo nina nyumba."

Marsela alikuwa nyuma yake. Maneno hayo yalimwingia kama mwiba. Leo ndiyo nina nyumba. Na yeye aliyepamba humu miaka kumi na mmoja, alikuwa akipamba nini, banda?

"Imependeza," alisema. "Ila unyevu ukipanda itabanduka."

Haikubanduka. Marsela alipita kuiangalia kila asubuhi.

Jumapili ya kwanza ya Majilio alishusha maganda yake, akaandaa beseni, akatandika mkeka barazani. Walikuja watoto wanne, wakakaa kidogo, wakaondoka mmoja mmoja kama watu wanaotoka kanisani kabla ya baraka. Wa mwisho kunyanyuka alikuwa Maiko, mtoto wake mwenyewe wa miaka sita.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama mdogo. Anatufundisha kufinyanga ng'ombe wa kuweka pangoni kwa Mtoto Yesu, pale kwa bibi. Pembe hazibandikwi, mama. Unazivuta hivi kutoka kichwani. Ukibandika zinaanguka."

"Na malaika je?"

"Malaika tunawajua tayari," alisema Maiko, akakimbia.

Siku zile Marsela alijigundua ana masikio ya ajabu. Alikuwa akipepeta mahindi upande huu wa ua, lakini alisikia kila kicheko cha upande ule. Alimsikia Dina akisema, "Mama mdogo, angalia wangu." Alimsikia Agape, mkubwa, mwenye miaka kumi na mmoja, ambaye nyumbani alikuwa mzito wa kuitika, akiimba. Jioni watoto walirudi na matope mpaka kwenye viwiko, wanaongea wote kwa pamoja, ng'ombe huyu ana nundu, yule ana mimba. Marsela aliwapakulia ugali, akabamiza mwiko sufuriani.

"Mbona umenuna?" Telesfori alimuuliza. "Watoto hao, waache wacheze."

"Nani amewakataza?"

Alijaribu njia nyingine. Alimwendea bibi akamwambia kwa sauti ya upole kwamba pangoni tangu zamani wanawekwa kondoo, na ng'ombe wengi vile waumini wa kigangoni wanaweza kushangaa.

"Yesu kazaliwa zizini, Mama Agape," bibi alisema. "Sasa zizini walikuwa wanafuga nini, kuku? Waache ng'ombe waingie."

Wiki moja kabla ya Krismasi, ng'ombe walikuwa kumi na saba. Ng'washi aliwapanga kwenye ubao uani kwa bibi, chini ya kamba ya nguo, ili wakauke siku moja ya mwisho kabla ya kuwachoma kwa moto wa samadi. Mchana ule yeye na Gervas walikuwa shambani wanapanda, na watoto walifuatana nao. Telesfori alikuwa mjini Mpanda. Pale nyumbani alibaki Marsela, na bibi aliyekuwa amelala ndani kwa sababu ya miguu.

Wingu lilitokea upande wa magharibi, jeusi, na upepo ukaanza kuinua vumbi. Bibi akaita kutoka ndani.

"Mama Agape! Nguo zangu!"

Marsela alikimbia. Alizianua haraka, kanga, mashuka, gauni la kanisani, mpaka akajaza mikono. Tone la kwanza lilimpata shingoni. Akaangalia chini.

Ng'ombe walikuwa miguuni pake, wameelekea upande mmoja. Baraza ya bibi ilikuwa hatua nne tu kutoka pale. Angeweza kuweka nguo ndani na kurudi, ubao mmoja, mwanamke mmoja, safari moja. Tone jingine lilianguka juu ya mgongo wa ng'ombe mdogo, likaacha alama nyeusi.

Hakuwakanyaga. Hilo alijiambia baadaye mara nyingi, kwamba hakumgusa hata mmoja. Aliingia ndani, akaketi kwenye kiti cha bibi, akaanza kukunja nguo. Alizikunja vizuri kuliko siku zote, pindo kwa pindo, huku mvua inapiga bati mpaka alichokuwa akisema bibi kikawa hakisikiki. Hakunyanyua macho kuangalia mlangoni.

Mvua ilipokatika, Ng'washi alirudi na watoto, wote wamelowa. Pale kwenye ubao palikuwa na tope jekundu, na vijiti vya miguu vimesimama ndani yake. Ng'washi alichuchumaa. Hakulia. Maiko ndiye aliyelia. Aliokota kipande cha pembe, kikamvunjikia mkononi.

"Wangu ndiye huyu," alisema. "Alikuwa anaitwa Telesfori, kama baba."

"Poleni jamani," alisema Marsela kutoka barazani. "Mvua yenyewe imekuja ghafla."

Agape aliangalia ubao. Halafu aliangalia kamba iliyokuwa juu ya ubao, haina kitu.

"Mama, nguo za bibi nani ameanua?"

"Mimi."

Agape aligeuka akaenda kumshika Maiko mkono.

Marsela alidhani moyo utatulia. Badala yake ulizidi kuwaka. Watoto hawakurudi kwenye maganda. Walikwenda kukaa na Ng'washi mlangoni kwake, bila kufanya chochote, kama watu waliofiwa. Dina alimpelekea embe lake. Majirani walipita kumpa pole. Hata huruma ilikwenda kule! Marsela hakuwa na mtu wa kumwambia, maana angeanzia wapi? Na Agape alikuwa akimjibu maneno mawili tu kwa siku, "Ndiyo mama" na "Hapana mama".

Siku ya tatu asubuhi alichukua fungu la maganda na kikapu cha magunzi, akavuka ua. Ng'washi alikuwa kizingitini anachambua maharage.

"Mvua ile," Marsela alianza.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mama aliniambia jioni ileile. Hakujua anachosema, alikuwa anakusifu. Kasema, Mama Agape ni mtu, amekimbia na mvua kunianulia nguo."

Marsela alikitua kikapu chake.

"Mbona hukunisema?"

"Niseme kwa nani? Nyie hapa ni wa siku zote, mimi nimekuja juzi." Ng'washi alitupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage. "Na nilikuwa na hasira, dada. Agape alipoangalia ile kamba nilimwona. Nikafurahi. Nikasema moyoni, haya, leo angalau mmoja atalala anamwona mama yake vibaya."

"Ng'washi!"

"Ndiyo nakwambia. Wewe unao watatu. Mimi kila Jumapili tukitoka kanisani wanawake wananisalimia wakiniangalia tumbo. Watoto wako wakija hapa na matope yao, wananiita mama mdogo, siku inakwenda. Halafu unaita chakula mara moja tu, wote wanaondoka. Hata hawageuki nyuma."

Marsela hakuwahi kufikiri kwamba sauti yake ya kuita watoto wale inaweza kumuumiza mtu. Alikaa chini, si karibu sana.

"Nisamehe," alisema. "Niliwaona, nikawaacha."

Ng'washi alichota konzi nyingine ya maharage.

"Sijakusamehe bado," alisema. "Hayo magunzi ya nini?"

"Udongo hauwezi kukauka tena, mvua ndiyo hii. Nimefikiri gunzi liwe mwili, tulivishe ganda. Miguu vijiti."

"Huyo atakuwa mbuzi."

Marsela alicheka bila kutaka, na Ng'washi akaziba mdomo kwa kiganja.

Pembe aliziwaza Ng'washi, miiba mirefu ya mgunga, kila jozi imechaguliwa ikalingana. Watoto walikuja mmoja mmoja. Kabla hawajaanza, Marsela alimwita Agape pembeni akamwambia mwenyewe alichofanya.

"Nilijua," Agape alisema. "Mwambie na Maiko."

Kumwambia Maiko kulikuwa kugumu zaidi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kukaa na baba yake, na hakusema na mama yake mpaka saa kumi jioni, alipokuja kudai ng'ombe mkubwa kuliko wa wote.

Walifanya kazi siku nne. Marsela ndiye aliyefundisha kuloweka, kukunja na kufunga. Siku ya pili aliona kwamba fundo la Ng'washi limekuwa dogo na safi kuliko lake, na uzi hauonekani. Kitu kilimchoma palepale pa zamani. Aliangalia pembeni, akaendelea kufunga.

Krismasi sebule ilijaa. Shangazi mmoja kutoka Kakese aliinama mbele ya pango akauliza nani ametengeneza ng'ombe hawa.

"Wake wa wanangu," alisema bibi.

Marsela, mlangoni na sinia la wali, alitamani bibi ataje majina. Alitamani aanze na la kwake. Bibi hakutaja.

Agosti iliyofuata Gervas alipata kazi ya kutengeneza mitumbwi kwa mjomba wake huko Kapalamsenga, ziwani, wakahama. Marsela alisaidia kubeba godoro mpaka kwenye gari. Watoto walilia, yeye hakulia. Baadaye alimwambia Telesfori ukweli kwamba alipoona gari linaondoka, alipumua.

Desemba alikuwa na nyumba ya bibi peke yake, kama zamani. Barazani walikaa watoto tisa, malaika wakatoka wengi. Ukuta ulikuwa umeanza kufifia, akaamua kuupaka mwenyewe kwa udongo uleule wa bondeni. Ng'ombe wake walifanana na mbwa.

"Imependeza," bibi alisema, kwa ile sauti anayotumia kwa wageni.

Siku mbili kabla ya sikukuu, wakiwa sebuleni kwa bibi, simu ya Telesfori ilipokea picha. Ng'washi alikuwa amepaka nyumba yake mpya, nje na ndani. Palikuwa na samaki badala ya ng'ombe, wamezunguka dirisha, na nyuma yao rangi ya njano iliyokolea kama kiini cha yai la kienyeji. Mbele ya ukuta walisimama watoto sita ambao Marsela hakuwajua, mikono imejaa udongo.

Marsela alimnyang'anya mume wake simu. Akaivuta picha ikawa kubwa, akaangalia dirisha, akaangalia samaki, akawaangalia wale watoto mmoja mmoja. Roho ilimuuma kweli. Halafu akapiga.

"Mama Agape!" Ng'washi aliitika, kelele za watoto nyuma yake. "Mmeiona?"

"Hiyo njano," alisema Marsela bila hata salamu, "umeitoa wapi?"

"Kuna korongo huku, karibu na ziwa. Umeipenda?"

"Nimeuliza umeitoa wapi, sijasema nimeipenda."

Ng'washi alicheka, na Marsela alijua kabisa kiganja chake kiko wapi.

"Nikujazie mfuko, nikuletee Krismasi?"

Marsela aliuangalia ukuta wa bibi na mbwa wake.

"Mifuko miwili," alisema. "Na usipake wewe. Nielekeze tu."