Saa Aliyopewa Binti

Jumamosi, tulipomaliza kazi ya pamoja ya umuganda na kila mtu kurudisha jembe lake, nilikwenda saluni ya mtaa wetu wa Niboye kunyolewa. Kwenye kiti cha pembeni yangu alikaa mama mmoja aliyemleta bintiye kusukwa. Mikono yake ilikuwa imeshika rasta, zile nywele za bandia, akimpa msusi, hivyo simu ilipolia akaipokea kwa spika, sote tukasikia.

"Dada, uko wapi? Kikao cha harusi kinaanza!"

Nikangoja jibu letu la Kigali: niko njiani. Huwa tunalitoa hata tukiwa bado tunatafuta viatu.

"Leo sikuji," akasema. "Hii saa nilimupa mutoto wangu tangu Jumatatu."

"Lakini mutoto si iko nyumbani kila siku?"

"Yeye iko. Mimi ndiyo siko."

Kinyozi wangu akazima mashine asikie vizuri.

Simu zetu zinatukumbusha vikao vya watu wote, isipokuwa wa nyumbani.

Msusi akamwomba mtoto ainamishe kichwa. Wapi! Alikuwa ameinua kidevu, akitutazama mmoja mmoja kwenye kioo, kama mgeni rasmi.